Mama ana sukari, paka naye ana sukari: je, watumie insulini moja?

Dada mmoja wa Tabata ameniandikia hivi:

"Daktari, habari za kazi. Nina paka dume, anaitwa Bosi, amehasiwa, ana miaka tisa. Alikuwa na kilo 6.4, sasa ana 5.1, lakini anakula kuliko mimi. Maji anakunywa mpaka ya kwenye ndoo ya bafuni, na kona anayokojolea uani imejaa sisimizi. Kliniki wamempima sukari wakapata 24, wakasema ni kisukari, anahitaji insulini mara mbili kwa siku. Nimerudi nyumbani nimechanganyikiwa. Mama yangu, ambaye naishi naye, ana sukari mwaka wa kumi na moja sasa, anajichoma ile insulini ya 30/70. Anasema tutumie ya kwake, kwani paka anahitaji tone tu. Mimi naondoka alfajiri kwenda kazini Kariakoo, na umeme wetu unaujua. Kaka yangu aliyeko Marekani anasema huko kuna dawa ya matone, sindano za nini? Niambie ukweli: hili linawezekana nyumbani, au nimpeleke akachomwe sindano ya kulala?"

Dada, nianze na hilo la mama, kwa sababu ndilo linaloweza kumuua Bosi wiki hii. Insulini ya mama isimguse paka, hata tone. Na hasa tone. Insulini ya binadamu ina uniti 100 katika kila mililita, kwa hiyo uniti moja ni sehemu moja ya mia ya mililita. Tone la kawaida la maji ni kama sehemu tano za mia. Maana yake "tone tu" la mama ni uniti tano hivi, wakati paka wa ukubwa wa Bosi kwa kawaida huanzishiwa uniti moja asubuhi na moja jioni.

Halafu kuna aina yenyewe. Ile 30/70 ni mchanganyiko: sehemu 30 ni insulini ya haraka na 70 ni ya kati. Mwili wa paka huimaliza insulini upesi kuliko wetu. Ukimchoma hiyo, sukari inaporomoka ndani ya saa chache, kisha dawa inakwisha mapema na sukari inapanda tena kabla saa ya sindano ya pili haijafika. Paka anashinda kwenye bembea. Tunayoitaka ni insulini inayokwenda polepole na kudumu, na ambayo madaktari wengi wa wanyama huanza nayo ni glajini. Nayo ni insulini ya binadamu, ila ya aina nyingine kabisa na ile ya mama. Ulizia kwenye famasi kubwa za mjini ukiwa na cheti cha daktari wako, uombe kalamu ya mililita 3 badala ya kichupa cha 10, maana dozi ya paka ni ndogo na utaitupa ikiwa bado imejaa. Usiitikise, usiichanganye na maji wala na insulini nyingine. Ikibadilika kutoka kwenye weupe wa maji safi ikawa na ukungu, itupe.

Ipo pia insulini ya wanyama, Caninsulin. Ukiipata, jua mambo mawili. La kwanza, imetokana na kongosho la nguruwe. Wateja wangu wengi wangependa kuambiwa hilo kabla ya kununua, kwa hiyo nalisema mapema; hukumu yake muulize sheikh wako, mimi si mahali pangu. Glajini yenyewe hutengenezwa na bakteria maabara. La pili ni zito zaidi: Caninsulin ina uniti 40 kwa mililita, si 100, na ina mabomba yake ya sindano. Kwa kawaida bomba la 40 lina kifuniko chekundu, la 100 lina cha rangi ya chungwa. Ukivuta insulini ya 100 kwa bomba la 40 na kusoma "moja", umevuta mbili na nusu. Soma maandishi ya kwenye bomba kila unaponunua, hata kama muuzaji ni yuleyule wa siku zote. Kwa kuivuta glajini kutoka kwenye kalamu, tafuta bomba dogo la uniti 30, ikiwezekana lenye alama za nusu uniti.

Sasa mama. Usimwambie tu "daktari amekataa" ukamwacha hapo. Huyo ndiye mtaalamu uliye naye nyumbani. Miaka kumi na moja anajichoma, anajua sindano haipaswi kutisha, na anajua mwili ukishukiwa na sukari unakuwaje: jasho, mtetemo, njaa ya ghafla. Na insulini ya 30/70 watu huichoma mara mbili, kabla ya chai ya asubuhi na kabla ya chakula cha jioni. Kwa hiyo ratiba ya Bosi imo ndani ya nyumba tayari. Wewe mchome saa kumi na mbili kasoro asubuhi kabla hujatoka, mama amchome saa kumi na mbili kasoro jioni. Ukikwama kwenye foleni, kazi haisimami. Kupishana kwa saa moja si msiba. Mkipitiliza kwa saa nne au tano, rukeni hiyo moja, mwendelee na inayofuata kwa dozi ileile. Msifidie kwa kuchoma mbili. Na mwekeane daftari ukutani: aliyechoma aandike saa na kutia sahihi. Mnapokuwa wawili, hatari kubwa ni kila mmoja kudhani mwenzake hajachoma. Mkiwa na shaka, msichome.

Ndani ya friji, dawa ya mama na ya Bosi zikae kwenye vikopo viwili tofauti, vyenye rangi tofauti, kila kimoja na mabomba yake. Mabomba mapya ya 100 mnaweza kugawana kama Bosi yuko kwenye glajini. Lililokwisha kutumika haligawanwi, hata likiwa limechemshwa.

Kuhusu ile 24. Sukari ya paka asiye mgonjwa ni kati ya 4 na 8 hivi (milimoli kwa lita, kipimo kilekile cha mashine ya mama). Lakini paka ana tabia moja inayotusumbua: akiogopa, sukari inaruka yenyewe. Paka asiye na ugonjwa wowote, akifungwa kwenye boksi na kupandishwa bodaboda hadi Kinondoni, anaweza kufika na namba ya kutisha. Ndiyo maana namba moja ya kliniki hainitoshi. Kwa Bosi kuna ushahidi mwingine: amepungua kilo na zaidi huku anakula, anakunywa mno, na sisimizi wamehamia. Figo za paka huirudisha sukari kwenye damu mpaka inapozidi kama 14 au 16, hapo inamwagika kwenye mkojo, na sisimizi wa Dar hawahitaji kualikwa. Hata hivyo, kabla ya sindano ya kwanza, mkojo upimwe kwa kijiti: sukari, ketoni (tindikali zinazojaa mwili unapochoma mafuta kwa kukosa insulini), na dalili za maambukizi. Kama kliniki yako inaweza kupeleka damu kupimwa fruktosamini, ni bora zaidi, kwa kuwa kipimo hicho huonyesha wastani wa wiki chache zilizopita, na hofu ya safari haikigusi.

Swali moja lingine mjibu daktari wako kwa uaminifu: je, Bosi alichomwa sindano ya kuzuia kuwashwa miezi ya karibuni? Zile sindano za steroidi zinazodumu wiki nyingi huweza kumsukuma paka mnene kwenye kisukari. Kwa majike, sindano za kuzuia mimba huweza kufanya hivyohivyo. Kama ndicho chanzo, kuna matumaini makubwa zaidi ya kurudi nyuma. Mdomo wake pia uangaliwe. Meno mabovu na usaha kwenye fizi huizuia insulini kufanya kazi.

Hapa nikusimulie kosa langu. Miaka yangu ya mwanzo aliletwa paka aliyekuwa kwenye insulini wiki ya pili. Nikampima mezani, 21. Nikaongeza dozi papo hapo, bila kumuuliza mwenye paka anakunywa maji kiasi gani nyumbani. Angeniambia kwamba maji yamepungua na paka ameanza kujilamba manyoya tena, yaani dawa ilikuwa inafanya kazi, na 21 ile ilikuwa ya hofu. Siku ya tatu usiku nikapigiwa simu: paka anatetemeka, macho yamekodoka, miguu inapiga sakafu. Alipona, lakini tangu hapo siongezi dozi kwa namba ya mezani kwangu.

Kwa hiyo lijue hili kuliko yote niliyoandika: sukari ya juu humla paka taratibu, kwa wiki na miezi, ya chini humwangusha mchana huohuo. Ukimwona Bosi anayumba kama mlevi, anatazama ukuta, amelegea, au ghafla anataka chakula kwa wazimu, mpe chakula mara moja kama anaweza kula. Hawezi? Chukua asali au glukosi ya unga iliyolowanishwa, umpake kwenye fizi na ndani ya shavu kwa kidole. Usimmiminie kooni, ataivuta mapafuni, na kama anapiga degedege usiingize kidole katikati ya meno. Kisha kliniki, hata akizinduka njiani, kwa sababu insulini bado imo mwilini na asali itakwisha kabla yake. Kikopo cha asali kikae juu ya friji, si kabatini. Majirani pia waambieni, na kama Bosi ni wa kuruka ukuta, azoee kubaki ndani. Paka akianguka nyuma ya nyumba ya watu hakuna wa kumpaka asali.

Kinyume chake ni ketoni. Paka mwenye kisukari aliyeacha kula, anayetapika, amezubaa, pumzi inanuka kama dawa ya kufutia rangi ya kucha, huyo si wa kusubiri asubuhi.

Chakula sasa, na hapa nitakaa kidogo, maana nusu ya tiba imo sufuriani. Paka ni mla nyama asiye na hiari. Mwili wake umeumbwa kutengeneza nguvu kutokana na protini na mafuta, wanga haumfai kitu kikubwa. Sasa paka wetu wa Dar anakula nini? Ugali uliolowekwa mchuzi wa dagaa. Wali wa jana na kichwa cha samaki. Maziwa ya chai. Wenye uwezo wananunua chakula kikavu cha mfuko, wakidhani wameruka kiunzi, kumbe chembe zile hazishikani bila wanga.

Wanga hauandikwi kwenye mfuko, ila unaweza kuukokotoa. Chukua 100, toa protini, mafuta, nyuzinyuzi, majivu na unyevu. Mfuko ukisema protini 32, mafuta 12, nyuzi 4, majivu 8, unyevu 10, inabaki 34. Zaidi ya theluthi ya mfuko ni wanga! Kopo la chakula laini lenye protini 10, mafuta 5, nyuzi 1, majivu 2 na unyevu 80 linabakiza 2 tu. Hata ukiondoa maji kwenye hesabu, wanga wa kopo ni sehemu 10 kwa mia, wa mfuko ni kama 38. Tunataka chakula ambacho katika kila kalori 100, zinazotokana na wanga zisizidi 12 hivi. Kwenye rafu za supamaketi tafuta ya kopo au pakiti iliyosagika laini kama maini yaliyopondwa; yale ya vipande kwenye mchuzi mzito mara nyingi uzito huo ni wanga.

Kopo kila siku ni ghali, najua. Njia ya sufuria ipo: kuku au nyama ya kuchemsha, moyo wa kuku (una taurini, ambayo paka akiikosa macho na moyo wake vinaharibika), ini kidogo mara moja au mbili kwa wiki, na dagaa wakavu wasiotiwa chumvi, waliooshwa mchanga na kuchemshwa, waliwe na mifupa yao kwa ajili ya kalsiamu. Nyama tupu ya steki peke yake, miezi na miezi, itamletea matatizo ya mifupa, kwa hiyo changanya na kopo hata mara tatu kwa wiki, na umwombe daktari aipitie orodha yako. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe. Samaki mbichi wa Feri asiwe chakula cha kila siku. Wengine wana kitu kinachoharibu vitamini B1. Kitunguu maji na kitunguu saumu ni sumu kwa paka, kwa hiyo mchuzi wa watu haumhusu, hata mkiuonea huruma uso wake.

Tahadhari moja, na naomba uisome mara mbili. Kuondoa ugali kunashusha sukari kwa nguvu. Ukibadili chakula cha paka aliyekwisha zoea dozi fulani bila kumwambia daktari, dozi ya jana inakuwa kubwa mno leo. Bosi hajaanza sindano, una bahati: badili chakula kwanza, polepole ndani ya wiki, ila ketoni zikionekana kwenye mkojo msisubiri chakula. Wala usimfungishe ili apungue. Paka mnene akikaa siku mbili tatu bila kula, mafuta hujaa kwenye ini, na huo ni ugonjwa mwingine wa kuua.

Kuchoma kwenyewe utajifunza kwa dakika tano. Mwekee chakula, aanze kula, hapo hapo vuta ngozi ya ubavuni kama hema, ingiza sindano chini ya hema, sukuma, toa. Badilisha upande kila siku. Manyoya yakilowa, umetoboa ukatokea upande wa pili. Usirudie, maana hujui kiasi kilichoingia. Akikataa kula kabisa, usichome dozi kamili. Piga simu kwanza.

Mashine ya mama ya kupimia sukari mnaweza kuitumia, kwa kichomeo kipya kila mara. Damu huchukuliwa ukingoni mwa sikio. Lipashe joto kwanza kwa kitambaa cha vuguvugu. Mashine za binadamu mara nyingi husoma sukari ya paka chini ya ilivyo kweli, kwa hiyo tumia hiyo hiyo moja siku zote na umwambie daktari ni ya aina gani. Kabla ya sindano, mwezi wa kwanza, ukikuta chini ya 10 usichome mpaka uwasiliane naye. Chini ya 4, ni asali na chakula. Jumapili moja kila baada ya wiki mbili mpime kabla ya sindano ya asubuhi, kisha kila saa mbili hadi jioni. Tunachotafuta ni namba ya chini kabisa ya siku hiyo, na tungependa iangukie kati ya 5 na 8. Dozi hubadilishwa kwa nusu uniti, si kabla ya siku tano hadi saba kupita, na anayebadilisha ni daktari.

Kama vijiti vya mashine vinawashinda kwa bei, maji yanapimika bure. Jaza chupa ya lita moja asubuhi, mnyweshe kutoka humo tu, ndoo ifunikwe, na kesho asubuhi uone kilichobaki. Paka wa kilo tano anayekunywa zaidi ya robo lita kwa siku bado hajatulia. Mizani nayo: simama ukiwa umembeba, kisha bila yeye, toa. Daftari la maji na uzito limewahi kunisaidia kuliko karatasi za maabara.

Umeme usikunyime usingizi. Friji iliyofungwa huhimili saa kadhaa. Kalamu ya glajini iliyofunguliwa hukaa siku 28 nje ya friji, mradi joto lisizidi nyuzi 30, na hapo ndipo Dar ya Januari hadi Machi inapotuumbua. Ukikatika muda mrefu, tumia chupa ya chai yenye mdomo mpana, barafu ndani ya taulo, dawa juu yake bila kugusana. Insulini iliyoganda imekufa, kwa hiyo isikae karibu na friza. Mtungi wa udongo unasaidia sana bara kwenye hewa kavu. Kwa unyevunyevu wa pwani yetu maji hayakauki upesi, baridi yake ni ya kujifariji.

Sindano zilizotumika ziweke kwenye chupa ngumu ya dawa ya kufulia, uizibe kwa gundi na kuirudisha kliniki. Ukiitupa jalalani mwokota chupa ataifungua.

Kaka yako hajakosea. Marekani waliidhinisha kidonge cha beksagliflozini kwa paka mwishoni mwa 2022 na matone ya velagliflozini mwaka 2023. Dawa hizo huifanya figo imwage sukari kwenye mkojo. Lakini hazipewi paka aliyewahi kutumia insulini, na zinaweza kuleta ketoni wakati sukari inaonekana nzuri kabisa, jambo linalohitaji daktari wa karibu na vipimo vya mara kwa mara. Asije akakutumia kwenye begi la mtu. Vidonge vya metformini vya mama pia viacheni, kwa paka havifui dafu.

Umeniuliza kama umlaze. Paka si kama mbwa kwenye ugonjwa huu: wapo ambao, wakianza mapema, wakapata insulini sahihi na kuachana na wanga, sukari inarudi yenyewe na sindano zinaachwa, mara nyingi ndani ya miezi sita ya kwanza. Siwezi kukuahidi kwamba Bosi atakuwa mmoja wao. Pia kama fedha ya insulini haipo kabisa, chakula pekee hakitamtosha paka wa 24, na hapo sitakulaumu ukirudi kwa daktari mzungumze jambo jingine. Ila paka anayekula, anayetembea na aliye na watu wawili nyumbani, mmoja wao ameshika bomba la sindano miaka kumi na moja, mimi simlazi. Kama ameanza kutembelea visigino vya miguu ya nyuma, hiyo ni mishipa ya fahamu, nayo mara nyingi huimarika kwa wiki au miezi sukari ikitulia.

Sindano ya kwanza isiwe Jumatatu. Anza Jumamosi asubuhi, siku usiyokwenda Kariakoo, na chupa ya maji iwe imekwisha pimwa tangu Ijumaa.